Mvua ya Miaka Milioni Moja

Magharibi ya mto Nile, katikati ya jangwa la Misri, yapo mabonde manne makubwa yenye mitende na mashamba: Kharga, Dakhla, Farafra na Bahariya. Mvua huko huweza kukosekana miaka kadhaa mfululizo. Hata hivyo watu wamelima mabonde hayo tangu enzi za Mafarao. Waajemi walipoitawala Misri, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, wakulima wa Kharga walichimba mifereji ya chini kwa chini kuyaelekeza maji mashambani, na hekalu la Hibis lililopambwa katika enzi ya mfalme Dario bado limesimama. Katika chemchemi nyingi maji hayakuhitaji kuvutwa. Yalipanda kutoka kilindini kwa msukumo wake yenyewe, mahali pengine yakiwa ya moto, yakatiririka usiku na mchana.

Yalitoka wapi? Na yaliingia ardhini lini? Maswali haya mawili yalichukua karibu karne nzima kujibiwa, na jibu halikupatikana jangwani peke yake. Lilipitia maabara ya chini ya ardhi mjini Bern, mtambo wa kuongeza kasi ya chembe huko Michigan, na meza iliyojaa vioo na miale ya leza nje kidogo ya Chicago. Lilitegemea gesi ambayo imo hewani kwa kiasi kidogo mno, isiyo na rangi wala harufu, na ambayo haijali kuungana na kitu kingine chochote: kriptoni.

Mwaka 1927 John Ball, aliyefanya kazi katika Idara ya Upimaji ya Misri, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa jangwa. Alikuwa amekusanya vipimo vya kimo cha maji katika visima na chemchemi zilizotawanyika katika eneo kubwa, akavipanga kwenye ramani. Ramani hiyo ilionyesha kwamba uso wa maji ya chini ya ardhi umeinama, ukishuka kutoka kusini-magharibi kuelekea kaskazini-mashariki. Watafiti kadhaa waliomfuata walifikiria hivi: mvua hunyesha kwenye milima ya mbali kusini, huzama katika mwamba wa mchanga, kisha husafiri taratibu chini ya Sahara hadi kwenye mabonde ya Misri. Kwa maelezo hayo, chemchemi za Kharga zilikuwa kama mdomo wa mto uliofichika, na mto hulishwa na mvua za kila mwaka.

Maelezo hayo yaligusa maisha ya watu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Gamal Abdel Nasser ilianzisha mradi wa Bonde Jipya, kwa nia ya kuwahamishia wakulima katika mabonde ya jangwani kutoka kando ya Nile, ambako ardhi ilikuwa haitoshi tena. Visima virefu vilichimbwa Kharga na Dakhla. Mwanzoni maji yaliruka yenyewe, lakini kadiri visima vilivyoongezeka ndivyo msukumo ulivyopungua, na vile vilivyokuwa vikitiririka bure vikaanza kuhitaji pampu. Suala la umri wa maji likatoka vitabuni likaingia katika hesabu za serikali. Ikiwa mvua inaendelea kuijaza hifadhi hiyo, upungufu ungeweza kurekebishwa kwa kupanga visima vizuri. Ikiwa haiijazi, kila lita iliyotoka ilikuwa imetoka moja kwa moja.

Saa ya kwanza ya kupimia umri huo ilikuwa kaboni-14, iliyobuniwa na Willard Libby huko Chicago, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Mwaka 1957 Karl Otto Münnich wa Heidelberg, Ujerumani, alionyesha kwamba kaboni iliyoyeyuka ndani ya maji ya ardhini inaweza kupimwa kwa njia ileile inayotumika kwa mbao na mifupa. Miaka mitano baadaye, yeye na mwanajiolojia Georg Knetsch pamoja na wenzao, Wajerumani na Wamisri, walichapisha vipimo vya maji ya Sahara ya mashariki. Umri uliotokea ulihesabiwa kwa makumi ya maelfu ya miaka. Maji yale yalinyesha wakati Sahara ilikuwa nchi nyingine kabisa, yenye mito na nyasi.

Habari hiyo ilikuwa nzito, lakini haikuwa kamili. Nusu ya kaboni-14 yoyote hutoweka kila baada ya miaka 5,730, na baada ya miaka 40,000 hivi kinachobaki ni kidogo mno kiasi kwamba uchafu mdogo wa hewa ya leo unatosha kuharibu hesabu. Juu ya hayo, kaboni haitulii. Maji yapitapo katika mawe ya chokaa hubeba kaboni ya kale isiyo na kaboni-14 hata chembe, na hivyo huonekana makongwe kuliko yalivyo. Kwa hiyo jibu la kaboni liliposoma miaka 35,000, mtaalamu mwangalifu alijua kwamba saa yenyewe ilikuwa imefika mwisho wa uso wake. Maji yangeweza kuwa na umri huo, au maradufu, au mara ishirini.

Ilihitajika saa nyingine, yenye mwendo wa polepole zaidi na isiyochanganywa na mawe. Wataalamu walijua mahali pa kuitafuta: katika familia ya gesi adimu, yaani heliamu, neoni, arigoni, kriptoni, zenoni na radoni. William Ramsay na Morris Travers walikuwa wameitenga kriptoni kutoka hewani mjini London mwaka 1898. Katika kila milioni ya molekuli za hewa kavu, atomi za kriptoni ni moja tu na kidogo. Gesi hizi haziliwi na bakteria, hazifyonzwi na mimea, wala hazigeuki kuwa chumvi au mawe. Kiasi kinachoyeyuka ndani ya tone la mvua hubaki humo bila kuguswa, isipokuwa na muda.

Ndani ya kriptoni ya kawaida kuna isotopu moja ya kipekee, yaani aina ya atomi yenye uzito wake mahususi: kriptoni-81. Huzaliwa juu angani pale chembe zenye nguvu kubwa zitokazo nje ya mfumo wa jua zinapogonga atomi za kriptoni tulivu na kuzipokonya nyutroni. Nusu-maisha yake, yaani muda wa nusu yake kutoweka, ni miaka 229,000. Kwa kuwa inadumu muda mrefu hivyo, upepo una nafasi tele ya kuichanganya duniani kote, hata kiwango chake hewani ni kilekile Nairobi, Cairo au ncha ya kusini ya dunia. Mara maji ya mvua yanapozama chini ya uso wa maji ya ardhini na kukatika na hewa, hakuna kriptoni-81 mpya inayoingia, na ile iliyokuwemo huanza kupungua kwa mwendo unaojulikana. Kulinganisha kilichobaki na kilichomo hewani leo ndiko kusoma umri.

Kriptoni-81 ina sifa nyingine iliyowafurahisha wanafizikia. Mabomu ya nyuklia na mitambo ya umeme wa nyuklia vilichafua saa nyingi za aina hii katika karne ya 20. Viliongeza kaboni-14 hewani hadi karibu maradufu, tritiamu kwa mara nyingi zaidi, na kurusha klorini-36 angani. Kriptoni-81 ilisalimika. Mabaki ya urani iliyopasuka hubadilika hatua kwa hatua hadi yafikie atomi tulivu, na katika mnyororo wenye uzito wa 81 hatua hizo hukomea kwenye bromini-81, ambayo haibadiliki tena. Njia ya kufika kwenye kriptoni-81 imefungwa. Kiwango kilichomo hewani leo ni kazi ya maumbile karibu yote.

Basi saa ilikuwapo. Ugumu ulikuwa kuisoma.

Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, kilikuwa na maabara iliyojengwa chini ya ardhi, mita 35 kwenda chini, ili ardhi yenyewe izuie mionzi itokayo angani isivuruge vipimo. Humo Hans Oeschger na Heinz Hugo Loosli walikuwa wakiunda vihesabio vya gesi vyenye utulivu wa hali ya juu, vyenye kusubiri mlio mmoja wa atomi inayojibadilisha. Mwaka 1968 walitangaza kwamba wameiona arigoni-39 katika arigoni ya hewa. Mwaka 1969 wakatangaza arigoni-37 na kriptoni-81. Walikuwa wa kwanza kuonyesha kwamba kriptoni-81 imo hewani kweli na kupima kiasi chake.

Furaha hiyo iliambatana na hesabu inayokatisha tamaa. Katika kriptoni ya hewa, takriban atomi moja tu kati ya trilioni mbili ni kriptoni-81, sawa na punje moja ya mchele katika meli iliyosheheni tani 40,000. Lita moja ya maji ya mvua ya leo ina atomi kama 1,000 za kriptoni-81 na ushei. Kihesabio cha Bern hakikuziona atomi zenyewe. Kilisubiri zibadilike. Lakini atomi 1,000 zenye nusu-maisha ya miaka 229,000 hutoa badiliko moja kila baada ya karne tatu na zaidi. Mtu angeiweka chupa ya lita moja mbele ya kihesabio tangu zama za kujengwa kwa Fort Jesus mwaka 1593, na kufikia leo angesikia mlio mmoja, pengine miwili. Zaidi ya hayo, kriptoni ya sasa imechanganyika na kriptoni-85 itokanayo na usafishaji wa fueli ya nyuklia, na kelele za hiyo huzidi zile za kriptoni-81 maelfu kwa maelfu ya mara.

Kwa hiyo kusubiri atomi zife hakukufaa. Ilibidi zihesabiwe zikiwa hai.

Jaribio la kwanza lilitumia leza kuzichomoa elektroni za kriptoni na kuzipanga atomi kwa uzito, njia iliyokuwa imeasisiwa na kundi la Sam Hurst huko Oak Ridge, Tennessee. Bernhard Lehmann na wenzake waliitumia kwa maji ya Milk River, hifadhi iliyoko Alberta, Kanada, na kuchapisha matokeo mwaka 1991. Njia ilikuwa na hatua nyingi mno za kuitajirisha sampuli, na kila hatua ilikuwa mlango wa kosa. Haikuenea.

Jaribio la pili lilikuwa la nguvu. Philippe Collon, Walter Kutschera wa Vienna, Loosli, Lehmann na wenzao walikwenda kwenye Bonde Kuu la Artesi, hifadhi ya maji iliyolala chini ya sehemu ya tano hivi ya bara la Australia. Kwa kila sampuli walipitisha lita 16,000 za maji katika mashine ya kutenganisha gesi. Kriptoni iliyopatikana ilipelekwa katika mtambo wa saiklotroni wa Chuo Kikuu cha Michigan State. Adui yao huko alikuwa bromini-81, yenye karibu uzito uleule. Waliishinda kwa kuzirusha atomi kwa kasi kubwa hadi zikapoteza elektroni zote. Kriptoni ina elektroni 36, bromini 35, na tofauti hiyo ya moja ikatosha kuzitenganisha. Mwaka 2000 walitangaza umri wa maji ya visima vinne: kati ya miaka 220,000 na 400,000 hivi. Kwa mara ya kwanza kriptoni-81 ilikuwa imeyapa maji makongwe umri ulioaminika. Lakini hakuna nchi ambayo ingeweza kutumia tani 16 za maji na saiklotroni nzima kila inapotaka kujua umri wa kisima.

Wakati huo njia ya tatu ilikuwa imekwisha kuanza. Mwaka 1997 Steven Chu, Claude Cohen-Tannoudji na William Phillips walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha jinsi nuru ya leza inavyoweza kuipunguza kasi atomi hadi karibu isimame, kisha kuishikilia. Mwaka huohuo mwanafizikia kijana, Zheng-Tian Lu, alijiunga na Maabara ya Taifa ya Argonne karibu na Chicago akiwa na wazo la kuitumia mbinu hiyo kama ungo. Kila isotopu ya kriptoni hupokea nuru ya rangi yake mahususi, tofauti kidogo sana na ya ndugu zake, kwa sababu kiini chake kina uzito na umbo lake. Leza ikirekebishwa barabara kwa rangi ya kriptoni-81, itaisukuma kriptoni-81 peke yake. Trilioni zinazobaki zitapita bila kuhisi kitu.

Mashine yao ilifanya kazi hivi. Kriptoni huingizwa katika bomba lisilo na hewa na kusisimuliwa kwa mawimbi ya redio, ili atomi zake ziweze kuitikia leza ya urefu wa wimbi wa nanomita 811. Atomi hutoka zikienda zaidi ya mita 200 kwa sekunde. Mwale wa leza huzipokea uso kwa uso na kuzirudisha nyuma kidogo kidogo, kwa makumi ya maelfu ya misukumo midogo, mpaka zinapokaribia kusimama. Mwishoni kuna mtego uliofanywa kwa sumaku na miale sita inayokutana. Atomi inayonaswa humo hunyonya na kutoa nuru mamilioni ya mara kwa sekunde, na kwa sababu hiyo hung'aa. Kamera huona nukta. Nukta moja ni atomi moja ya kriptoni-81, na hakuna kitu kingine kinachoweza kujifanya kuwa hiyo: isotopu nyingine hazishikiki, na bromini haiitikii nuru hiyo kabisa.

Mwaka 1999 kundi la Argonne lilitangaza katika jarida la Science kwamba limehesabu kriptoni-81 na kriptoni-85 kwa njia hii, atomi moja moja. Upungufu ulikuwa mmoja: kati ya atomi zipatazo milioni kumi zilizoingia, mashine ilinasa moja. Kwa maji ya kisima, hiyo ilikuwa sawa na bure. Kazi ya miaka michache iliyofuata, ambayo mwanafunzi wa uzamivu Xu Du alikuwa katikati yake, iliongeza ufanisi takriban mara elfu moja. Kufikia mwaka 2003 tani kadhaa za maji zilitosha badala ya tani 16. Saa ikawa tayari kupelekwa jangwani.

Aliyeipeleka alikuwa Neil Sturchio, mwanajiokemia wa Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago. Alishirikiana na Lu, na Lehmann na Roland Purtschert wa Bern, pamoja na wanajiolojia wa Misri waliovijua visima vya jangwani kimoja kimoja. Walichagua visima virefu katika mabonde yaleyale ambayo John Ball aliyapima. Maji yalipopanda yalielekezwa moja kwa moja katika chombo kilichofungwa kabisa, gesi ikavutwa, maji yakaachwa yaende zake, na kilichosafirishwa kutoka Misri kilikuwa mitungi ya gesi. Bern iliitenga kriptoni na gesi nyingine, kisha Argonne ikahesabu.

Hapa kriptoni-85, ile iliyowasumbua watu wa Bern, iligeuka kuwa mlinzi. Nusu-maisha yake ni chini kidogo ya miaka 11, na hewani imejaa tangu nusu ya pili ya karne ya 20. Maji ya kale hayawezi kuwa nayo. Ikionekana katika sampuli, maana yake hewa ya leo imepenya mahali fulani, kwenye bomba au kwenye mtungi, na kiasi chake kinaonyesha ni hewa kiasi gani ya kuondoa katika hesabu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Maji machanga zaidi, ya upande wa Dakhla, yalikuwa na umri wa miaka 200,000 hivi. Kuelekea kaskazini umri ulipanda, na huko Bahariya ulifika karibu miaka milioni moja.

Mtu anayetaka kuupima muda huo kwa vitu anavyovijua anaweza kwenda Olorgesailie, kusini ya Nairobi, ambako shoka za mawe zimetapakaa ardhini kwa maelfu. Zile za kale zaidi zina umri wa miaka milioni 1.2, nyingine nusu milioni. Mvua inayotoka leo katika kisima cha Bahariya ilianguka wakati waliotengeneza shoka zile walipokuwa wakichinja wanyama kando ya ziwa ambalo sasa halipo. Mabaki ya kale zaidi yanayotambuliwa kuwa ya binadamu wa aina yetu, yaliyopatikana Jebel Irhoud nchini Moroko, yana umri wa miaka 300,000 tu. Maji hayo yalikuwa yamekaa ardhini miaka 700,000 kabla yake.

Umri pekee ungekuwa wa kustaajabisha, lakini mpangilio wake ulisema zaidi. Ulipanda kadiri kisima kilivyokuwa mbali na Uweinat, mlima uliopo mahali mipaka ya Misri, Libya na Sudan inapokutana. Vipimo vya klorini-36, saa nyingine yenye nusu-maisha ya miaka 301,000, vilikwenda sambamba na vya kriptoni. Yaani maji yaliingia ardhini kandokando ya mlima huo zama za mvua, kisha yakasogea kaskazini-mashariki. Kutoka Uweinat hadi Bahariya ni kama kilomita 800. Ukigawa umbali huo kwa miaka milioni moja unapata mwendo wa wastani usiofika mita moja kwa mwaka. John Ball hakukosea kuhusu mwelekeo. Kilichokuwa hakijulikani ni kwamba msafara ulikuwa wa polepole kiasi hicho, na kwamba mvua iliyouanzisha ilikwisha kukoma.

Maji yenyewe yalibeba pia habari za mawingu yaliyoyaleta. Hidrojeni yake ilikuwa na upungufu wa ile aina nzito iitwayo deuteri. Wingu linapokwenda mbali juu ya nchi kavu, matone yenye hidrojeni nzito hutangulia kuanguka, na yanayofika mwisho wa safari huwa mepesi. Sturchio na wenzake walisoma hapo unyevu wa bahari ya Atlantiki, uliovuka bara kutoka magharibi. Na kwa kuwa umri wa visima ulitawanyika katika mamia ya maelfu ya miaka, jambo hilo halikutokea mara moja. Sahara ilikuwa imelowa, ikakauka, ikalowa tena, mara nyingi, na kila zama za mvua ziliweka akiba yake chini ya mchanga.

Akiba hiyo ni kubwa. Hifadhi ya mwamba wa mchanga wa Nubia imeenea kilomita za mraba milioni mbili chini ya Misri, Libya, Sudan na Chad. Libya, ambako watafutaji mafuta walikutana na maji hayo chini ya jangwa la Kufra katika miaka ya 1950 na 1960, ilianza mwaka 1984 kujenga Mto Mkubwa wa Kutengenezwa kwa Mikono ya Watu: mabomba ya zege yenye kipenyo cha mita 4 yanayoyapeleka maji ya kusini hadi pwani ya Mediterania. Maji yalifika Benghazi mwaka 1991 na Tripoli mwaka 1996. Upande wa Misri, mashamba ya duara yanayonyweshewa na mitambo inayozunguka yalienea mashariki ya Uweinat, na huonekana kwenye picha za setilaiti kama madoa ya kijani juu ya mchanga. Mamilioni ya watu wanakunywa na kula kutokana na maji haya, na hakuna mwenye haki ya kuwalaumu kwa kuyatumia. Lakini tangu mwaka 2004 hakuna pia anayeweza kusema kwamba mvua itayarudisha. Mwamba huo unachimbwa maji kama vile mgodi unavyochimbwa dhahabu.

Septemba 2013, katika makao ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki mjini Vienna, nchi nne zenye hifadhi hiyo zilitia saini mpango wa pamoja wa kuisimamia. Shirika la atomiki lilikuwa mwenyeji kwa sababu isotopu zilikuwa msingi wa mazungumzo. Umri wa maji ndio unaoonyesha yanakwenda wapi na kwa mwendo gani, na bila hivyo hakuna ajuaye kama pampu za nchi moja zitakausha visima vya jirani katika kizazi hiki au baada ya vizazi mia.

Mwezi huohuo Kenya ilitangaza habari kubwa ya kwake: hifadhi ya maji chini ya tambarare ya Lotikipi, Turkana, iliyokadiriwa kwa msaada wa picha za setilaiti kuwa na mita za ujazo bilioni 200. Jamii zilizozoea njaa na ukame zilishangilia, na ilikuwa haki yao. Uchimbaji uliofuata ulionyesha kwamba maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi kupita kiasi cha kunywewa. Kilichokuwa kimetangazwa ni ujazo. Ubora, chanzo na umri wake vilikuwa havijajulikana.

Mashine za kuhesabu atomi hazikusimama tangu wakati huo. Toleo la tatu la Argonne, lililoanza kazi mwaka 2011, liliongeza ufanisi kwa takriban mara mia moja tena, na mahitaji ya maji yakashuka hadi lita 100 au 200. Kundi la Lu lilihamia baadaye Hefei, Uchina, na huko lita 10 hadi 20 zinatosha. Milango iliyokuwa imefungwa ikafunguka. Mwaka 2014 Christo Buizert na wenzake walitumia barafu ya kilo 350 hivi kutoka Taylor Glacier, Antaktika, wakaonyesha kwamba ina umri wa miaka 120,000. Mwaka 2019 kriptoni-81 ilionyesha kwamba barafu ya Guliya, katika uwanda wa juu wa Tibet, iliyokuwa ikidhaniwa kwa zaidi ya miaka 20 kuwa na umri uliozidi miaka 500,000, haifiki hata miaka 80,000. Mwaka huohuo Reika Yokochi na wenzake waliyachunguza maji ya chini ya jangwa la Negev, wakakuta mchanganyiko wa mvua mbili: moja ya miaka isiyozidi 38,000, nyingine ya miaka 360,000 hivi, zenye asili tofauti za mawingu.

Pengo moja lilibaki katikati. Tritiamu na kriptoni-85 husoma miaka 50 au 60 ya karibuni. Kaboni-14 ni nzuri kuanzia miaka 1,000 hadi 40,000, na baada ya hapo kriptoni-81 hushika zamu hadi miaka milioni 1.3 hivi. Kwa karne zilizo kati ya babu yetu na Fort Jesus hapakuwa na saa nzuri, na hizo ndizo karne zenye maana kubwa kwa mkulima, kwa kuwa maji ya umri huo hurudi, ila hurudi polepole. Arigoni-39, ile ya Bern ya mwaka 1968, ina nusu-maisha ya karibu miaka 270 na inafaa barabara. Lakini ndani ya arigoni ni adimu kwa mbali kuliko kriptoni-81 ilivyo ndani ya kriptoni. Mwaka 2014 kundi la Heidelberg, akiwemo Florian Ritterbusch chini ya uongozi wa Markus Oberthaler na Werner Aeschbach, lilionyesha kwamba mtego wa leza unaweza kuinasa hiyo pia kutoka katika maji ya ardhini.

Kwa sasa safu ya saa inaanzia mwaka wa jana hadi zaidi ya miaka milioni moja, bila shimo. Gharama imeshuka hadi kiwango ambacho wizara ya maji inaweza kukiweka kwenye bajeti ya mradi: mtungi wa gesi kutoka kisimani, hati za forodha, na miezi michache ya kusubiri majibu. Afrika Mashariki inachimba visima vya mamia ya mita kwa miji inayokua upesi kuliko mito yake, na kila ripoti ya kisima kipya hutaja kina, kiasi cha maji kwa saa na kiwango cha chumvi. Umri unastahili kuandikwa katika ukurasa huohuo, kabla ya pampu kuwashwa, ili mji unaojengwa juu ya maji hayo ujue kama unakunywa mvua ya msimu uliopita au ya zama ambazo hazitarudi wajukuu wakiwa hai.